Sanamu ya Budha Katika Jengo la Kunyongea

Kila mara serikali ya Japani inapomnyonga mtu, tamko la kupinga hutoka Kyoto. Hutolewa na Shinshu Otani-ha, dhehebu la Kibudha lenye mahekalu zaidi ya elfu nane nchini humo, ambalo makao yake makuu ni hekalu la Higashi Honganji, karibu na stesheni kuu ya treni ya mji huo. Desturi hiyo ilianza mwaka 1998. Tamko haliwezi kumwokoa yule linayemzungumzia, kwa sababu hutolewa akiwa amekwisha kufa: nchini Japani aliyehukumiwa kifo huambiwa asubuhi ileile kwamba siku yake imefika, saa moja au mbili kabla ya kitanzi, na jamaa zake huarifiwa baada ya yote kumalizika. Mawakili hawapati nafasi ya kukimbilia mahakamani, wala watawa hawapati nafasi ya kusimama langoni wakiomba. Kinachobaki ni kusema, na Otani-ha wameamua kusema kila mara, hata pale ambapo sehemu kubwa ya wananchi inaona kwamba aliyenyongwa alistahili.

Nilianza kulifuatilia jambo hili kwa makini wakati kesi ya Hakamada Iwao ilipofikia mwisho wake. (Majina ya Kijapani nayaandika ukoo kwanza, kama wenyewe wayaandikavyo.) Hakamada, aliyewahi kuwa mwanamasumbwi, alikamatwa mwaka 1966 kwa mauaji ya watu wanne wa familia ya mwajiri wake, akahukumiwa kifo mwaka 1968, na hukumu hiyo ikathibitishwa mwaka 1980. Alitolewa gerezani mwaka 2014 mahakama ilipoagiza kesi isikilizwe upya, na Septemba 26, 2024, akiwa na umri wa miaka 88, akatangazwa kuwa hana hatia, huku mahakama ikisema wazi kwamba ushahidi ulipikwa. Karibu nusu karne alikuwa kifungoni, sehemu kubwa ya muda huo akiamka kila asubuhi bila kujua kama nyayo zinazokuja kwenye ujia zitasimama mlangoni pake. Akili yake iliharibika humo. Niliposoma habari hiyo nilijiuliza viongozi wa dini wa nchi ile, nchi yenye mahekalu kila mtaa, walikuwa wapi miaka yote ambayo mambo ya namna hiyo yalikuwa yakitendeka.

Jibu ni kwamba walikuwa ndani.

Agosti 2010, Waziri wa Sheria Chiba Keiko, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mpinzani wa adhabu ya kifo lakini mwezi mmoja kabla alikuwa ametia saini amri za kunyongwa kwa watu wawili na kwenda mwenyewe kushuhudia, aliwaruhusu waandishi wa habari waingie katika jengo la kunyongea la mahabusu ya Tokyo. Kitanzi kiliondolewa kabla hawajafika. Waliona sakafu yenye mlango unaofunguka, ukiwa umezungushiwa mistari myekundu, na chumba cha pembeni chenye vitufe vitatu ambavyo askari watatu huvibonyeza kwa pamoja ili asijulikane ni kitufe cha nani kilichoufungua mlango ule. Waliona pia chumba kingine, ambacho mfungwa hupitishwa kwanza ili akutane na kasisi kwa mara ya mwisho. Ndani yake kulikuwa na madhabahu yenye sanamu ya Budha.

Sanamu hiyo haikufika hapo kwa bahati. Tangu enzi ya Meiji, katika karne ya 19, dola la Japani liliwakabidhi watawa kazi ya kuwafundisha wafungwa maadili, na madhehebu mawili makubwa ya Honganji, Otani-ha likiwa mojawapo, yaliishika kazi hiyo kwa bidii kubwa kuliko mengine yote. Makasisi wao walikuwa watumishi wa serikali. Baada ya Vita Kuu ya Pili mfumo ulibadilika, na leo makasisi wa magereza ni watu wanaojitolea, wakiwemo Wakristo na watu wa Shinto, ila Wabudha ndio wengi. Kasisi humtembelea mfungwa kwa miaka, husali naye, humsikiliza, na siku ya mwisho humsindikiza hadi mlango wa chumba cha kunyongea. Baada ya hapo anatakiwa asiseme lolote kuhusu alichokiona.

Siwezi kumlaumu kasisi mmoja mmoja. Wafungwa wengi waliohukumiwa kifo wamekataliwa na jamaa zao, na pengine mtu pekee kutoka nje anayewaangalia usoni bila karaha ni huyo kasisi. Kumwomba ajitoe ili kupinga mfumo ni kumwomba amwache mtu peke yake katika saa ngumu kuliko zote. Hata hivyo, ukiutazama mfumo kwa ujumla wake, ni vigumu kukwepa jambo ambalo wakosoaji ndani ya madhehebu yenyewe wamelisema kwa uchungu, kwamba mafundisho juu ya karma, yaani matendo ya mtu na malipo yake, na juu ya kuyapokea yaliyoandikwa yalitumika kumfanya mfungwa afe kwa utulivu, na utulivu huo ndio ambao serikali ilikuwa inauhitaji. Mtu asiyepiga kelele hawasumbui wanaomwua. Hapo ndipo uzito wa matamko ya Kyoto unapotoka kwa maoni yangu. Otani-ha hawazungumzi kama majirani waliosikia habari mbaya kutoka nyumba ya pili, kwa sababu mkono wao ulikuwamo kwa zaidi ya karne nzima, nao wanalijua hilo.

Kuna sura moja ya historia yao ambayo inaonyesha jinsi mkono huo ulivyokuwamo. Mwaka 1910 polisi wa Japani waliwakamata wasoshalisti na wapinga-dola kutoka sehemu mbalimbali za nchi kwa madai ya kupanga njama ya kumwua mfalme. Kesi ilisikilizwa kwa siri, na Januari 1911 watu 24 walihukumiwa kifo. Siku iliyofuata adhabu ya 12 kati yao ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na wale 12 waliobaki wakanyongwa mnamo Januari 24 na 25. Wanahistoria wanakubaliana kwamba wengi wa washtakiwa hao hawakuhusika na njama yoyote. Miongoni mwao walikuwamo watawa. Uchiyama Gudo wa madhehebu ya Soto Zen, ambaye katika hekalu lake dogo milimani Hakone alikuwa ameficha mashine ya kuchapia vijitabu vya kuwatetea wakulima maskini, alinyongwa. Takagi Kenmyo, kasisi wa Otani-ha katika mji wa Shingu, aliyewahudumia waumini waliotengwa na jamii kwa sababu ya nasaba zao na aliyekataa kuombea ushindi wakati wa vita kati ya Japani na Urusi, alihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa, naye akajiua gerezani Akita mwaka 1914.

Madhehebu yao yalifanya nini? Yaliwavua ukasisi. Otani-ha lilimfukuza Takagi mwaka uleule wa hukumu, likawa limeunga mkono neno la dola kabla hata majonzi hayajaanza. Soto Zen lilimrudishia Uchiyama heshima yake mwaka 1993, na Otani-ha likamrudishia Takagi hadhi yake mwaka 1996, miaka 85 baada ya kumfukuza. Miaka miwili baadaye likatoa tamko lake la kwanza dhidi ya unyongaji. Sina haja ya kudai kwamba jambo moja lilizaa lingine moja kwa moja, lakini nauona mfuatano huo kuwa wa maana. Dhehebu lililokuwa limetoka kukiri kwamba lilimtupa kasisi wake mikononi mwa wanyongaji lisingeweza tena kuipokea hukumu ya dola kana kwamba ni neno la mwisho juu ya thamani ya mtu.

Ukirudi nyuma zaidi unakuta kwamba dhehebu lenyewe lilizaliwa karibu na upanga. Mwaka 1207 mfalme mstaafu Go-Toba alipiga marufuku mafundisho ya mtawa Honen mjini Kyoto, akaamuru wanafunzi wanne wa Honen wauawe, na wengine wakafukuzwa kwenda mbali. Mmoja wa waliofukuzwa alikuwa Shinran, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyepelekwa Echigo, pwani yenye theluji nyingi, na ambaye baadaye mafundisho yake yaliyazaa madhehebu yote mawili ya Honganji. Shinran hakuwasahau wenzake wale. Katika maandishi yake makubwa aliandika waziwazi kwamba mfalme na mawaziri walikuwa wamevunja sheria ya Budha kwa kuua bila hata kuchunguza kosa, maneno ambayo katika karne ya 20 wenye madhehebu walipata tabu kuyachapisha yalivyo.

Lakini fundisho la Shinran ambalo wapinzani wa adhabu ya kifo hulirejea mara kwa mara si lile la kumlaumu mfalme. Ni mazungumzo kati yake na mwanafunzi wake Yuien, ambayo yamehifadhiwa katika masimulizi ya wanafunzi. Shinran alimwuliza kama angefanya lolote analoambiwa, Yuien akakubali. Basi nenda kaue watu elfu moja, Shinran akamwambia, na kuzaliwa kwako katika Nchi Safi (pepo ya Budha Amida) kutakuwa ni hakika. Yuien akajibu kwamba kwa uwezo wake asingeweza kumwua hata mmoja. Ndipo mwalimu akamweleza kwamba kama mambo yangekwenda kwa kadiri ya hiari ya mtu, angeinuka mara moja akaue; kushindwa kwake hakutokani na wema wa moyo wake, ila ndani yake hayapo masharti ya kutenda tendo hilo. Na kinyume chake, mtu asiyetaka kumdhuru yeyote anaweza kujikuta ameua mia au elfu.

Nililisoma fundisho hili kwa mara ya kwanza nikalikataa. Nimelelewa katika imani inayosisitiza kwamba kila mtu atabeba mzigo wake, na nilihofu kwamba hapa muuaji anapewa kisingizio. Kadiri nilivyozidi kulitafakari ndivyo nilivyoona kwamba fundisho halimzungumzii muuaji kwanza, linamzungumzia Yuien. Linamwondolea mtu mwema ile haki anayojipa ya kusimama upande wa pili wa mstari na kusema kwamba mimi na yule si wa udongo mmoja. Adhabu ya kifo inahitaji mstari huo. Lazima jamii iamini kwamba wapo watu ambao ubaya wao ni wa asili nyingine, hautibiki, na kwamba sisi wengine tukiwaondoa tutabaki wasafi. Shinran, ambaye alijihesabu miongoni mwa watu waovu na akafundisha kwamba mtu mwovu ndiye hasa anayelengwa na ahadi ya Budha Amida, anaubomoa mstari huo kutokea upande wetu. Muuaji bado ameua, bado anapaswa kuzuiwa na kuwajibishwa, lakini yule anayetia saini kifo chake hawezi tena kujiona kwamba ni kiumbe wa namna nyingine.

Kuhusu saini hiyo, Japani inatoa mfano usio wa kawaida. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka Waziri wa Sheria atoe amri ya kunyonga ndani ya miezi sita tangu hukumu ithibitishwe, ingawa kwa kawaida hupita miaka, na amri ikishatoka lazima itekelezwe ndani ya siku tano. Kwa hiyo kila kifo kina jina la mtu aliyekiamuru. Sato Megumu, aliyeshika wizara hiyo kuanzia mwisho wa mwaka 1990 hadi mwishoni mwa 1991, alikuwa pia kasisi wa Otani-ha, naye alikataa kutia saini amri hata moja kwa sababu ya imani yake. Kipindi chake ni sehemu ya muda wa zaidi ya miaka mitatu, kuanzia Novemba 1989, ambapo hakuna aliyenyongwa. Kisha Machi 1993 waziri mwingine, Gotoda Masaharu, akaona kwamba waziri asiyetekeleza sheria anaidhoofisha dola, na watu watatu wakanyongwa kwa siku moja. Mwaka 2005 Sugiura Seiken, muumini wa dhehebu hilohilo, alisema siku alipoteuliwa kwamba hatatia saini, kwa kuwa ni suala la moyo wake na imani yake. Kabla usiku haujaisha alikuwa ameyafuta maneno hayo. Hata hivyo aliondoka wizarani Septemba 2006 bila kumnyonga yeyote. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, chini ya mrithi wake, wakanyongwa wanne, wawili kati yao wakiwa wazee waliopita miaka 70.

Msomaji wa Tanzania hatashindwa kukumbuka Septemba 2017, wakati Rais John Magufuli, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, aliposema hadharani kwamba yeye hawezi kutia saini watu wanyongwe. Tanzania haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, na wengi tulifurahi kusikia maneno yale. Sheria iliyowahukumu hao watu ilibaki vilevile, na waliohukumiwa kunyongwa hadi kufa wakaendelea kuishi wakitegemea dhamiri ya mtu mmoja.

Wabudha wa Japani wana mfano mkongwe zaidi wa udhaifu huo. Wapinzani wa adhabu ya kifo hupenda kutaja kwamba kuanzia mwaka 810 hadi 1156, karibu miaka 350, baraza la kifalme la Kyoto halikutekeleza adhabu ya kifo, na kwamba Ubudha ulikuwa sababu mojawapo. Ni kweli kwamba hukumu za kifo zilibadilishwa kuwa uhamisho, na ni jambo la kustaajabisha katika dunia ya wakati ule. Lakini majemedari wa mikoani waliendelea kuua majambazi na waasi bila kuuliza mjini, na ulipozuka ugomvi wa urithi wa kiti mwaka 1156 upanga ulirudi mara moja, kwa sababu haukuwa umefutwa, ulikuwa umewekwa ala tu. Ndiyo maana nadhani Otani-ha wamefanya vyema kutotosheka na mawaziri wao wawili wenye huruma na badala yake kudai sheria yenyewe ibadilishwe, wakishirikiana tangu mwaka 2003 na Wakatoliki, Waprotestanti na watu wa dini nyingine katika mtandao wa watu wa dini wa kusimamisha adhabu ya kifo.

Kati ya Wabudha wote niliosoma habari zao katika jambo hili, anayenigusa zaidi hakuwa waziri wala kiongozi wa dhehebu. Furukawa Tairyu, mtawa wa mkoa wa Kumamoto, alikuwa kasisi wa wafungwa waliohukumiwa kifo katika gereza la Fukuoka kuanzia miaka ya 1950. Huko alikutana na watu wawili waliohukumiwa kwa mauaji ya wafanyabiashara wawili yaliyotokea mwaka 1947. Mmoja alikiri kufyatua risasi lakini akakataa kwamba ulikuwa wizi uliopangwa. Mwingine alisema hakuhusika kabisa na mauaji yale. Furukawa aliwasikiliza kwa miaka, kisha akafanya jambo ambalo kazi yake haikumtaka alifanye: akaanza kuchunguza. Alisoma majalada, akaandika kwa mkono wake utafiti mrefu juu ya kesi hiyo, na tangu mwaka 1961 akatoka barabarani kuomba sadaka, kwa desturi ya zamani ya watawa, ili apate fedha za kudai kesi isikilizwe upya. Familia yake iliishi kwa dhiki kwa sababu ya uamuzi huo.

Juni 17, 1975, siku moja hiyohiyo, yule aliyekiri kufyatua risasi alipunguziwa adhabu kuwa kifungo cha maisha, na yule aliyesema hakuhusika akanyongwa. Sijui niliwekeje jambo hili ili lieleweke zaidi ya lilivyo. Yule wa kwanza aliachiliwa mwaka 1989, baada ya zaidi ya miaka arobaini ya kifungo, akapokewa na familia ya Furukawa hekaluni kwao. Furukawa alifariki mwaka 2000, na watoto wake wakaendelea kudai kesi ifunguliwe upya kwa ajili ya jina la yule aliyekwisha kufa. Huyu alikuwa kasisi kama wale wengine wote. Aliifanya kazi ileile yao. Tofauti ni kwamba aliyoyasikia kutoka kwa wafungwa aliyachukua kuwa ni habari za dunia hii, zinazoweza kuwa kweli au uongo na zinazodai kuchunguzwa, wala hakuyageuza kuwa somo la kuipokea hatima.

Katika mafundisho ya zamani ya Kibudha nchini India kuna kisa ambacho kila mpinzani wa adhabu ya kifo katika dini hiyo hukitaja, kisa cha Angulimala. Alikuwa muuaji katika ufalme wa Kosala, aliyevaa shingoni mkufu wa vidole vya aliowaua. Budha alimwendea peke yake porini, naye akaacha silaha akawa mtawa. Mfalme Pasenadi alipotoka na wapanda farasi mia tano kwenda kumkamata, alipitia kwanza kumwamkia Budha, na hapo akaonyeshwa muuaji wake ameketi kimya, kichwa kimenyolewa. Mfalme alitetemeka, kisha akasema kwamba yule ambaye wao walishindwa kumtuliza kwa fimbo na silaha, Budha amemtuliza bila vyote viwili.

Kwa kawaida kisa husimuliwa hadi hapo. Kinaendelea, na sehemu inayofuata ndiyo inayonishughulisha. Angulimala aliingia mjini Savatthi kuomba chakula, watu wakamrushia mawe na magongo, akarudi kichwa kinavuja damu na bakuli lake limevunjika, na Budha akamwambia avumilie. Waliorusha mawe hawatajwi majina. Huenda miongoni mwao walikuwamo waliofiwa, lakini kisa hakiwapi hata sentensi moja, wala Budha haonekani akienda nyumbani kwao. Naona hili ni pengo, na pengo hilo limeendelea katika harakati za leo.

Lilionekana wazi Oktoba 2016. Shirikisho la mawakili la Japani lilikuwa likikutana Fukui, ambako lilipitisha azimio la kulenga kufutwa kwa adhabu ya kifo ifikapo mwaka 2020. Katika kongamano lililotangulia azimio hilo ulioneshwa ujumbe wa video wa Setouchi Jakucho, mtawa wa dhehebu la Tendai na mwandishi mashuhuri, aliyekuwa na umri wa miaka 94. Alipinga unyongaji kwa ukali, na katika ukali huo akawataka mawakili wapambane na wapumbavu wanaotaka kuua. Jamaa za watu waliouawa waliumia sana. Setouchi alieleza kwamba alikuwa na maana ya dola linaloua, naye akaomba radhi kwa waliojeruhiwa na maneno yake. Naamini alisema kweli kuhusu nia yake. Lakini mtu aliyefiwa na mtoto, ambaye kwa miaka amekuwa akisubiri kitu ambacho mahakama imemwambia kuwa ndiyo haki, hawezi kutenganisha dola na shauku yake mwenyewe kwa wepesi huo, na mtawa ndiye angepaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuna mtu mmoja nchini Japani, ambaye sitamtaja jina, aliyefiwa na mdogo wake mwaka 1983 katika mauaji yaliyofanywa kwa ajili ya fedha za bima. Mwanzoni alitaka muuaji anyongwe. Muuaji alimwandikia barua nyingi kutoka kifungoni, na baada ya miaka kumi alikubali kwenda kumwona. Amesema daima kwamba hakumsamehe. Ila kuonana naye, kusikia akiomba radhi kwa kinywa chake, kulimpa kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kumpa, na mwaka 2001 alimwendea Waziri wa Sheria kumwomba asimnyonge mtu yule. Desemba ya mwaka huo alinyongwa. Serikali, ambayo husema kwamba inanyonga kwa ajili ya waliofiwa, haikumsikiliza aliyefiwa. Laiti mahekalu yangejifunza kwa mtu huyu kwa bidii ileile wanayojifunza kisa cha Angulimala.

Julai 2018 ulikuja mtihani mgumu zaidi. Wafuasi 13 wa kundi la Aum Shinrikyo, akiwemo kiongozi wao, walinyongwa katika mwezi mmoja, saba tarehe 6 na sita tarehe 26, kwa makosa yaliyojumuisha shambulio la gesi ya sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo mwaka 1995. Kundi hilo lilikuwa limejipamba kwa lugha ya Kibudha, na lilifundisha kwamba kumwua mtu kunaweza kuwa ni kumsaidia afike mahali bora. Kumtetea mtu wa Aum asinyongwe kulikuwa ni kukaribisha tuhuma kwamba Wabudha wanawalinda ndugu zao. Otani-ha walipinga unyongaji huo pia, na nawaheshimu kwa hilo, kwa sababu dini ambayo mafundisho yake yametumika kuhalalisha kuua ina wajibu wa kukataa kuua kwa kila namna, iwe kunafanywa na kundi la watu waliopotoka au na wizara yenye muhuri.

Nisieleweke kwamba Ubudha peke yake unatosha kuiondoa adhabu hii. Kambodia iliifuta mwaka 1989, Bhutan mwaka 2004, na Mongolia ikaifuta kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2017. Zote ni nchi ambazo Ubudha una mizizi. Lakini Thailand ilimwua mfungwa kwa sindano ya sumu mwaka 2018 baada ya miaka tisa bila kufanya hivyo, watawala wa kijeshi wa Myanmar waliwaua wapinzani wanne mwaka 2022, na Sri Lanka, ambayo haijamnyonga mtu tangu mwaka 1976, ilifika ukingoni mwaka 2019 rais wake alipotia saini amri za kuwanyonga wafungwa wanne wa dawa za kulevya, hadi Mahakama ya Juu ikazuia.

Nchini Japani kwenyewe, katika uchunguzi wa maoni uliofanywa na serikali mwaka 2024 na kutangazwa mwaka 2025, asilimia 83.1 walisema adhabu ya kifo haiepukiki, na asilimia 16.5 walitaka ifutwe. Juni 27, 2025, baada ya karibu miaka mitatu bila kunyongwa mtu, Japani ilinyonga tena. Katika asilimia hizo 83 wamo waumini wa Otani-ha wenyewe, familia ambazo makasisi huzitembelea kusoma sutra mbele ya madhabahu za nyumbani katika siku za kuwakumbuka marehemu wao. Tamko la Kyoto huenda kwa vyombo vya habari na kwa wizara. Sidhani kama linazungumzwa katika ziara hizo kwa kiasi kinachostahili, ilhali hakuna mahali pengine ambapo dhehebu hilo linasikilizwa na watu wengi zaidi.

Na wananchi wanaoulizwa maoni hawajui kinachofanyika. Tangu picha zile za mwaka 2010, serikali haijalionyesha tena jengo lile kwa umma. Askari hawasemi, na makasisi wamefungwa na wajibu wa siri. Siri ya maungamo ya mfungwa ni yake, nayo ilindwe. Lakini siri juu ya namna dola linavyoua si siri ya mfungwa, na dhehebu linaloweza kuandika tamko kila mara mtu anaponyongwa linaweza pia kudai kwamba makasisi wake waruhusiwe kuueleza umma wanachokiona ndani, tangu mlango wa seli unapofunguliwa asubuhi hadi mwili unaposhushwa.